Tromboni Isiyooshwa

Shemeji yangu aliitwa Mapafu. Jina hilo alipewa na wenzake wa bendi enzi za ujana wao, kwa sababu aliweza kushika sauti moja kwenye tromboni, lile tarumbeta la kuvuta, mpaka wasikilizaji wakaanza kutazamana, wengine wakimpimia kwa saa, na yeye kafumba macho kama mtu anayesinzia. Alilipenda kuliko jina alilopewa na mama yake mzazi. Ukimwita kwa jina la kwenye kitambulisho, hageuki. Ukimwita Mapafu, anageuka mwili mzima, kifua mbele, kama lango la ghala linalofunguliwa kwa mikono miwili.

Mimi ni mdogo wa mke wake. Kazi yangu ni udobi. Nafua na kupiga pasi mashati ya watu wanaojifanya hawatoki jasho. Dada yangu na mumewe walikuwa na vyumba viwili juu ya ngazi, mimi nina chumba kimoja chini, na ua ni wetu sote: bomba moja, kamba sita za kuanikia, na choo pembeni. Kwa hiyo mengi ya haya ninayoyasema sikuhadithiwa na mtu. Niliyaona kwa macho yangu, mengine niliyafua kwa mikono yangu.

Niseme ukweli mapema ili tusije tukalaumiana: sikuwa nampenda sana. Nilikuwa nampa heshima ya ushemeji, namwandalia chai akija mgeni, basi. Mwanamume yule alidharau kila kitu kinachopumua. Waimbaji aliwaita wapiga kelele wenye majina. Mpiga ngoma wa bendi, rafiki yake wa miaka mingi, alimwambia usoni kwamba hata mvua inajua kupiga bati. Na mwenzake aliyepiga tromboni ya pili hakuwa hata na jina mbele yake. Alimwita Wa Pili. "Wa Pili, leta kiti." "Wa Pili, umechelewa kuingia." Yule mtu mpole, mrefu, mwenye masikio makubwa, akaitikia hivyo hivyo mpaka na sisi tukamzoea kwa jina hilo.

Bendi yao ilikuwa ya watu wanane. Walipiga kwenye harusi, kwenye mahafali, kwenye ufunguzi wa majengo, na kwenye mazishi ya watu wenye uwezo. Sare zao za rangi ya damu ya mzee, zenye vifungo vya dhahabu ya uongo, nilizifua mimi.

Sasa, kila Jumamosi asubuhi, kabla ya mazoezi, Wa Pili alikuwa na desturi moja. Alikuja uani kwetu kwa sababu kwake maji yalikuwa ya shida, akaomba ruhusa kwangu kwa adabu, akaifungua tromboni yake vipande vipande. Lile bomba refu la kuvuta mbele na nyuma aliliweka peke yake. Akachukua maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, akapitisha ndani kamba yenye kitambaa mwishoni, akavuta, akasuuza, akarudia. Kisha akavilaza vipande vyote juu ya taulo vikauke.

Mapafu aliketi kwenye kiti chake cha plastiki akimtazama, na kicheko kikamtoka puani.

"Muoneni," anasema. "Anaogesha chuma kama mtoto mchanga. Si umpake na poda basi?"

Wa Pili anatabasamu tu, anaendelea kuvuta kamba.

Mapafu alikuwa na elimu yake mwenyewe kuhusu jambo hilo, na aliitoa bila kuombwa. Alisema sauti inakaa kwenye utando wa ndani ya bomba. Utando huo unajengwa kwa pumzi ya mpigaji, mwaka baada ya mwaka, na mtu akiuosha amefukuza sauti, atabaki na bomba la maji tu. Tromboni yake alikuwa nayo miaka ishirini na miwili. Ndani haikuwahi kuguswa na tone la maji, achilia mbali sabuni.

"Na soksi je, shemeji?" nilimuuliza siku moja. "Zisifuliwe, zisije zikapoteza mwendo?"

Hakucheka. Watu wa aina yake hawacheki mpaka waseme wao.

Lakini nje aliing'arisha. Kila jioni alikaa na kitambaa laini na dawa ya kung'arishia shaba, akaisugua mpaka ukiinama unaona meno yako. Ndani hakuna aliyetazama. Akimaliza kupiga, bado bomba limejaa mate na mvuke wa pumzi, aliilaza kwenye sanduku lake lenye kitambaa chekundu cha mahameli, akafunga vibanio viwili, akalisukuma chini ya kitanda. Asubuhi sanduku likifunguliwa linakupumulia usoni. Harufu yake naijua vizuri, maana ndiyo inayonilisha: ni harufu ya shati lililoachwa limeloa kwenye ndoo siku nne. Na mimi niliyejua harufu hiyo kuliko mtu yeyote katika nyumba ile, niliishia kuziba pua na kusema maneno ya kejeli. Sikufikiri zaidi ya hapo.

Ugonjwa ulianza kwa kikohozi kikavu, kile cha kukwaruza kisichotoa kitu. Baadaye zikaja homa za jioni. Anatetemeka chini ya blanketi mbili, anatoka jasho mpaka shuka inakamulika, asubuhi anaamka mzima, anadai kahawa. Miezi ikapita. Akaanza kusimama katikati ya ngazi akijifanya anatazama nguo zangu kambani. Mapafu, kutazama nguo! Alikuwa anatafuta pumzi.

Kukubali kwamba kifua kina shida, hapana. Shida ilikuwa kwa wengine. Kwanza alisema ni upepo. Kisha ni husuda ya mpiga ngoma. Kisha akanigeukia mimi.

"Ni hii sabuni yako ya unga, shemeji. Inaruka hewani. Unaniua taratibu."

Dada yangu aliniomba kwa macho, nikanyamaza. Nikahamisha beseni langu mpaka nyuma ya choo. Miezi sita nilifua mashati ya watu nikiwa nimeupa mgongo ukuta wa choo, kwa heshima ya kifua cha bwana yule. Kikohozi hakikupungua hata kidogo.

Na mimi nilikuwa na hukumu yangu. Nilisema anavuta sigara kwa siri. Kazi yangu inanipa haki ya mifuko ya watu, kwa hiyo niliipekua mifuko ya koti lake kila nilipolifua, na nilichokipata ni peremende tu. Niliona haya kidogo. Sikumwomba radhi, na mpaka leo sijamwomba.

Zahanati ya kwanza walimpa antibayotiki, akamaliza dozi, akakohoa vilevile. Ya pili wakampima makohozi kwa ajili ya kifua kikuu, mara mbili, hakuna kitu. Ya tatu wakasema ni pumu, wakampa kile kichupa cha kupulizia mdomoni. Akakitumia mbele za watu kama anayejipulizia manukato, lakini nafuu hakuiona. Jirani mmoja akamletea dawa ya mizizi kwenye chupa ya soda, nyeusi, nzito, inanuka kama mtaro. Aliinywa yote. Mtu ambaye hakutaka maji safi yapite kwenye bomba lake alikubali tope lipite kwenye koo lake.

Aliyeliona jambo ni dada yangu. Dada anafundisha darasa la kwanza, na subira yake ni ya mtu anayekaa kutwa na watoto wasiojua bado herufi. Haongei sana. Siku moja tukiwa mezani, aliweka kijiko chini.

"Baba watoto, homa zako zinakuja Jumatano na Jumamosi."

"Homa haina kalenda."

"Yako inayo. Shuka nazibadilisha mimi. Jumatano na Jumamosi ndiyo siku za mazoezi. Wiki mkiwa na harusi, unaumwa na Jumapili."

Mapafu akasukuma sahani. "Kwa hiyo muziki sasa ni ugonjwa? Nimelisha nyumba hii kwa tromboni miaka yote, leo imekuwa sumu? Sema tu unataka nikae nyumbani nikuchambulie mboga."

"Sijasema hivyo."

"Umesema hivyo hivyo."

Dada akachukua kijiko chake, akaendelea kula. Lakini mimi namjua: akishaandika kitu kichwani, hakifutiki.

Mwezi uliofuata, mlango wa gari la bendi uliibana tromboni wakati wa kupakua vyombo. Bomba la kuvuta likapinda. Fundi wa ala za muziki akasema kuna kipande lazima kiagizwe, wasubiri wiki tatu. Mapafu kukaa bila tromboni ni kama kukaa bila suruali, hivyo akaona bora aende kumsalimia mama yake mzazi, mbali na macho ya watu. Wiki tatu zilipoisha alirudi amenenepa, shavu linang'aa, akapanda ngazi zetu mbili mbili. Sikusikia kikohozi hata kimoja.

"Supu ya mama," alisema akijipigapiga kifua. "Hakuna daktari anayeijua."

Siku hiyo hiyo akaenda kuchukua tromboni. Dada alimsindikiza, ndiye aliyenisimulia sehemu hii. Fundi alimkabidhi akiwa ameishika mbali na uso wake.

"Mzee, nje nimenyoosha, ipo sawa. Lakini ndani pamejaa. Sijawahi kuona kitu kama hiki. Niachie siku mbili niisafishe, sikutozi."

"Ukiigusa ndani, nitakushtaki," alisema Mapafu.

Akaipiga alasiri nzima, kwa furaha ya mtu aliyekutana na mpenzi wake. Jua halijazama vizuri, yuko chini ya blanketi mbili, meno yanagongana. Supu ya mama ilikuwa imekwisha nguvu.

Dada hakubishana naye tena. Aliomba ruhusa shuleni, akaniambia nivae vizuri, tukampeleka hospitali kubwa kwa daktari wa kifua. Tulisubiri kwenye benchi kuanzia asubuhi. Tulipoingia tulimkuta mwanamke kijana, miwani imeshuka puani, anaandika.

"Binti," akasema Mapafu, "daktari yupo?"

"Ni mimi, baba yangu. Karibu ukae."

Alikaa kama mtu aliyeuziwa bidhaa feki. Daktari akamsikiliza kifua mgongoni, muda mrefu, akihamisha kile chombo chake huku na huku. Kisha akaanza maswali. Anavuta sigara? Hapana. Anafuga njiwa au kuku? Hapana. Anafanya kazi na nafaka au majani makavu yaliyolowa? Nyumbani kuta zina unyevu, zina madoa meusi? Hapana, hapana. Mapafu alijibu akitazama dari.

"Unafanya kazi gani?"

Hapo akanyooka. Alitueleza habari za bendi, za viongozi aliowapigia, za ile sauti yake ndefu. Daktari hakumkatiza. Alipomaliza, alimuuliza swali moja tu.

"Hiyo tromboni unaioshaje?"

Dada akatazama mkoba wake. Mapafu akaanza kujisafisha koo.

"Haioshwi," nikasema mimi. "Miaka ishirini na miwili. Anasema ndani ndiko inakokaa sauti."

Daktari aliweka kalamu chini. Dada akamweleza za Jumatano na Jumamosi, na zile wiki tatu za kwa mama mkwe. Yule binti akasikiliza, mwili umeinama mbele, na nilimwona anavyomtazama dada yangu: kama mwanafunzi anayemtazama mwalimu.

Akamwelezea Mapafu pole pole. Penye unyevu, giza na uchafu wa mate, kuvu inaota. Kuvu inatoa mbegu ndogo kuliko vumbi la unga, huwezi kuziona. Sote tunazivuta kila siku, kidogo kidogo, na mwili unazitoa. Lakini yeye, kila akivuta pumzi mdomo ukiwa kwenye tromboni, anavuta na hewa ya ndani ya bomba, saa nzima, saa mbili, mwaka hata mwaka. Mwili umechoka. Umeanza kuzipiga vita, na uwanja wa vita ni mapafu yenyewe. Ndiyo maana ya homa, na ndiyo maana zinakuja saa chache baada ya kupiga.

"Inawapata wanaokoroga nafaka zilizoota ukungu," alisema. "Inawapata wanaoishi kwenye vyumba vinavyovuja. Na wewe ukiendelea, baba, itafika mahali mapafu yatakakamaa, na yakishakakamaa hayarudi. Nataka uiache tromboni mpaka tupate majibu. Na uniletee niipime."

"Tromboni si mgonjwa," alisema Mapafu. "Haipimwi."

Picha ya kifua ilionyesha ukungu mweupe pande zote mbili, kama kioo cha bafuni mtu akishaoga. Daktari alituonyesha na kidole. Mapafu aliitazama picha ile kwa dharau, kama vile kifua ni cha mtu mwingine. Tulipotoka nje ya lango, akatema mate pembeni.

"Amesoma sana yule mtoto. Ila muziki haujui."

Alimwahidi dada kwamba atapumzika. Akaapa na mkono juu. Siku kumi na moja baadaye, dada yuko darasani na mimi niko mjini kupeleka nguo za wateja, alilivuta sanduku chini ya kitanda, akavaa sare niliyoifua mwenyewe, akaenda kupiga kwenye mahafali ya chuo cha ufundi.

Nilimkuta huko kwa bahati. Kiongozi wa bendi alikuwa ameniletea koti lake nilikaze kifungo, nikalipeleka ukumbini. Nilipofika mlangoni, ninamwona Mapafu anasimama mbele kwa ajili ya sauti yake ndefu. Nilitaka kupiga kelele. Nitapigaje kelele mbele ya wahitimu mia tatu na wazazi wao? Nikasimama na koti mkononi kama kiango cha nguo.

Akaanza. Sauti ikatoka nene, ya shaba, nzuri. Nakiri ilikuwa nzuri. Watu wakaanza kutazamana na kutabasamu. Halafu ikatetemeka. Akaisukuma. Mabega yakapanda mpaka masikioni. Sauti ikakatika vipande, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu haikurudi. Alikwenda chini, si kwenye kiti, sakafuni, miguu imenyooka mbele kama mtoto anayesusa. Midomo ilikuwa ya rangi ya majivu. Tromboni ikaanguka ikabingirika.

Kiongozi wa bendi aliendelea kuongoza kwa muda, kafumba macho, hana habari. Mpiga ngoma aliduwaa, fimbo hewani. Aliyekwenda ni Wa Pili. Aliitupa tromboni yake, ile aliyoiogesha kama mtoto, akaitupa kama kuni, akapiga magoti, akamkalisha Mapafu wima kifuani mwake, akamfungua kola, akapaza sauti ambayo sikujua anayo:

"Gari! Leteni gari! Na msimzunguke, mnamnyima hewa!"

Mapafu alilala hospitali siku tisa, na bomba la oksijeni puani. Siku ya pili, dada aliibeba tromboni mwenyewe, akapita nayo katikati ya wodi, sanduku mkononi, akampa daktari bila kumuuliza mtu. Daktari alivaa barakoa na glavu, akafungua dirisha, akapitisha kijiti cha pamba ndani ya bomba. Kilitoka na utelezi wa kijani uliokaribia weusi. Alikichukua wakakiotesha maabara.

Baada ya siku kadhaa alirudi na sahani ndogo ya plastiki yenye kifuniko. Ndani yake kulikuwa kumeota manyoya, ya kijivu na ya kijani, mazito kama ya panya.

"Kuvu za aina mbili, baba, na bakteria juu yake," alisema. "Hizi ndizo ulizokuwa unazivuta."

Mapafu aliitazama sahani ile.

"Hiyo ndiyo sauti yako, shemeji," nikasema. "Iangalie vizuri."

Dada alinikanyaga mguu, na alinikanyaga kweli. Mapafu akageukia ukutani, akabaki hivyo mpaka muda wa kutazama wagonjwa ukaisha. Nilijisikia vizuri kwa kama dakika tano hivi. Njiani kurudi nyumbani dada alitembea hatua kumi mbele yangu.

Daktari alitueleza kwamba sehemu ya mapafu itapona kwa vidonge, na sehemu imeshakuwa kovu. Kovu halipanuki wala halipitishi hewa. Angekuja mwaka mmoja mapema angepona karibu yote. Mwaka mmoja! Mwaka ule nilioutumia mimi kupekua mifuko, na yeye kunihamishia beseni nyuma ya choo.

Usafi wenyewe ulifanyika uani. Daktari alisema ifanywe nje, kwa maji, si kwa kukwangua pakavu, na wote tufunge barakoa, na mgonjwa akae mbali, upande unakotoka upepo. Fundi alikuja na brashi zake ndefu zinazopindika. Nilitoa beseni kuukuu, maana la wateja nisingethubutu. Wa Pili alishika bomba, fundi akasukuma brashi. Kilichotoka siwezi kukieleza mtu anayetaka kula. Kulikuwa na magamba, kulikuwa na kamasi nyeusi, kulikuwa na kitu kama ngozi ya maziwa iliyochacha. Nimefua nguo za wachinjaji na za wazibua vyoo, sijawahi kugeuza uso, lakini siku ile niligeuza. Tulibadilisha maji mara tisa. Sanduku na mahameli yake tuliteketeza.

Ilipokauka, Wa Pili aliiunganisha, akaipuliza sauti moja ndefu ya chini. Tukasikiliza wote: fundi, mpiga ngoma aliyekuja kutazama tu, dada kwenye ngazi, mimi na mikono yenye povu.

"Ni ileile," alisema mpiga ngoma. "Haijabadilika hata kidogo."

"Imekuwa nyepesi kupuliza," alisema Wa Pili. "Basi."

Miaka ishirini na miwili ya elimu ikamwagika pamoja na maji machafu kwenye mtaro. Tulimgeukia Mapafu kule aliko kwenye kiti chake cha plastiki, blanketi mapajani. Nilingoja aseme neno, angalau neno moja, kwa huyu mtu aliyemkalisha kifuani mwake mbele ya umati.

"Mwishoni umeishusha mapema," akasema. "Mtu haachii sauti hivyo."

Wa Pili akacheka kwa furaha ya kweli, eti amesifiwa. Mimi niliokota beseni nikaondoka, ningekaa ningesema neno.

Vidonge vilimvimbisha uso ukawa wa duara, akawa anakula kama anayehama. Nafuu ilikuja, lakini si yote. Daktari alimruhusu kupiga kidogo, tromboni ikioshwa kila wiki na kukaushwa kabla ya kufungiwa, na homa ikirudi hata mara moja, basi. Sauti ndefu imekwisha. Ile ya kufumba macho hana tena, akijitahidi anafika pumzi ya mtu wa kawaida. Anapiga tromboni ya pili, ameketi. Ya kwanza anapiga mwenzake, ambaye watu bado wanamwita Wa Pili. Na yeye bado anaitwa Mapafu, hakuna mwenye moyo wa kubadilisha.

Mngedhani mambo haya yamemshusha. Hamumjui. Baada ya miezi michache alianza kusimulia ugonjwa wake kwa kila anayekaa karibu, na katika masimulizi yake aliyegundua ni yeye. Alihisi tangu mwanzo, anasema, kwamba kuna kitu bombani. Madaktari ndio walikuwa wazito kuelewa. Jumatano na Jumamosi aliziona mwenyewe. Dada anamsikiliza huku anasahihisha madaftari ya watoto, hata jicho hainui.

Ikafika siku daktari akamwita aje azungumze na wanafunzi wa udaktari, wamsikilize kifua na wamuulize maswali. Alivaa sare. Nilimwambia sare ni ya harusi, akaniambia nipige pasi tu. Chumba cha mihadhara kilikuwa ghorofa ya tatu na siku hiyo lifti haikufanya kazi. Wanafunzi kama arobaini waliandika kila alichosema, na alisema mengi. Aliwaambia jinsi alivyomshauri daktari aipime tromboni. Daktari wetu alikuwa amesimama pembeni, miwani puani, akamtazama dada yangu. Dada akatikisa kichwa kidogo tu: mwache.

Mwanafunzi mmoja akauliza, "Baba, kwa nini hukuiosha miaka yote hiyo?"

"Wakati ule," alisema Mapafu, "sayansi ilikuwa haijafika."

Nikatoka nje kabla sijacheka kwa sauti. Baadaye nikawasubiri kwenye korido tukashuka pamoja. Kushuka ni rahisi kuliko kupanda, lakini kwake hata kushuka kunataka pumzi sasa, hasa akishazungumza sana. Alishuka ngazi kama nane, akapunguza mwendo, mkono ukakamata reli. Nyuma yetu wanafunzi wanakuja, wanacheka na kuongea. Nilifungua mdomo, nina maneno yangu tayari.

"Hebu nisubirini," alisema dada. "Kiatu hiki kinanisumbua."

Akainama, akafungua kamba ya kiatu ambayo haikuwa na shida yoyote, akaifunga upya, taratibu, fundo la kwanza, fundo la pili. Wanafunzi wakatupita wakimpungia Mapafu mkono. Naye akawapungia, kifua mbele, anapumua. Dada alipoona mabega yake yametulia, akasimama. Tukashuka mpaka ghorofa ya pili, na hapo kikawa kinamsumbua kiatu cha kushoto.